Chumvi, maji na sola: Jinsi zahanati ya kando ya Ziwa Nyasa inavyoweza kujitengenezea klorini

Chukua lita moja ya maji safi. Tia gramu 25 za chumvi ya kupikia, koroga mpaka iyeyuke yote. Tumbukiza kifaa chenye vibati viwili vya chuma maalumu, kiunganishe na betri au sola, kisha subiri.

Vipovu vinaanza kupanda. Baada ya muda chumba kinanukia kama siku ya kufua mashuka meupe. Yale maji ya chumvi yamegeuka kuwa klorini, dawa ya kuua vijidudu ambayo zahanati nyingi huisubiri ije kwa gari, na sehemu nyingine kwa boti.

Kwa watu wa Mbamba Bay, Liuli au Lituhi hilo si jambo dogo. Kutoka Dar es Salaam mpaka Songea ni zaidi ya kilomita 900. Songea mpaka Mbinga ni kama 100 nyingine, halafu 66 za kuteremka milima ya Wamatengo mpaka ziwani.

Lakini teknolojia hii ina mtego mmoja, na mtego wenyewe hauko kwenye mashine. Uko kwenye jagi la kupimia, na kwenye kanuni ambayo muuguzi ameikariri tangu chuoni.

Kwa nini isiletwe tu kutoka mjini?

Klorini ya maji haina tabia ya kusubiri. Inapoteza nguvu kila siku inayopita, na joto linaiharakisha. Kadiri ilivyo kali ndivyo inavyochoka haraka zaidi.

Dumu lililotoka kiwandani likiwa na nguvu kamili linaweza kukaa bohari, likakaa juu ya lori, likakaa stoo yenye paa la bati, na likifika ziwani limebaki na sehemu tu ya nguvu yake. Kwa macho hujui. Rangi ni ile ile, harufu ni ile ile.

Ipo klorini ya unga, ambayo mafundi wa maji wengi huiita HTH, na vipo vidonge. Hivyo husafiri vizuri zaidi. Unga ule una klorini asilimia 65 hadi 70, kwa hiyo ndoo moja inafanya kazi kubwa. Shida yake ni kwamba ni kemikali kali: ikipata unyevu au ikikutana na mafuta inaweza kuleta moto, inakula chuma, na vumbi lake huchoma macho na mapafu. Kuihifadhi kwenye zahanati yenye stoo moja inayobeba pia dawa za watoto si mchezo.

Dawa inayotengenezwa kwa chumvi na umeme haifiki hata asilimia 1 ya klorini. Ni nyepesi, ni salama zaidi kushika, na inatumika siku ile ile iliyotengenezwa. Hakuna safari ya kuipunguzia nguvu. Kinachosafiri ni chumvi, na chumvi haiozi.

"Lakini ziwa letu halina chumvi"

Ni swali la haki. Maji ya Ziwa Nyasa ni matamu, watu wanayanywa na kuyapikia usipa. Ukitumbukiza kifaa hicho ziwani moja kwa moja utapata karibu na bure. Lazima chumvi iongezwe.

Bahari ni kitu kingine. Mitambo mikubwa ya kuondoa chumvi kwenye maji ya bahari katika nchi za Ghuba, Oman ikiwemo, imekuwa ikitumia njia hii kwa miaka mingi. Huvuta maji ya bahari, huyapitishia umeme, na klorini inayopatikana huzuia konokono na ukoga kuota ndani ya mabomba.

Kwa maji ya kunywa, hata hivyo, chumvi safi ya dukani ni bora kuliko maji ya bahari. Bahari ina bromidi, na bromidi ikipigwa umeme huweza kuzaa bromati, kitu ambacho Shirika la Afya Duniani (WHO) limekiwekea kikomo kidogo sana kwenye maji ya kunywa.

Vipi kuhusu madini joto yanayoongezwa kwenye chumvi? Hayana shida. Katika gramu 25 za chumvi madini hayo ni kama miligramu moja tu, wakati klorini inayotengenezwa ni miligramu 6,000. Cha kuangalia zaidi ni mchanga na uchafu, kwa sababu chumvi ya mawe inayouzwa kwa kipimo mara nyingi hubeba vyote viwili. Iyeyushe, iache itulie, kisha ichuje kwa kitambaa safi.

Ndani ya ndoo kunatokea nini?

Chumvi ni sodiamu na klorini zilizoshikana. Ikiyeyuka majini, zinaachana na kila moja inaogelea kivyake.

Umeme ukipita, klorini inavutwa kwenye kibati cha upande chanya na kugeuka gesi. Upande hasi maji yenyewe yanapasuka: gesi ya haidrojeni inapanda juu kama vipovu, na maji yanayobaki yanakuwa na magadi makali. Gesi ya klorini inakutana na magadi hayo kabla haijatoka nje, na vikiungana vinazaa hipokloriti ya sodiamu. Kiini cha jiki ni hicho hicho.

Vibati hivyo si vya bati wala chuma cha kawaida. Ni titaniamu iliyopakwa madini adimu kama rutheni au iridi, na ndiyo sehemu ya gharama kubwa katika kifaa kizima.

Hapa inafaa kuwaonya vijana wa ufundi, maana video za namna hii zimejaa mitandaoni. Ukitumia misumari na betri ya pikipiki utapata maji ya kutu. Waya wa shaba utayeyuka na kuyafanya maji kuwa sumu. Vijiti vya kaboni kutoka kwenye betri za redio humeguka na kuacha unga mweusi, na hata chuma cha pua, kile cha masufuria yasiyoshika kutu, kinaweza kuachia kromiamu na nikeli. Harufu ya klorini itakuwepo, ndiyo. Lakini hayo si maji ya kumpa mtu anywe.

Umeme unaohitajika ni mdogo kuliko watu wanavyodhani. Mitambo mikubwa hutumia takriban uniti 5 kutengeneza kilo moja ya klorini. Lita moja ya dawa ina gramu 6 tu, kwa hiyo hata kifaa kidogo kinachopoteza umeme mwingi kiko mbali sana na kumaliza uniti moja.

Mkoa wa Ruvuma uliunganishwa na gridi ya taifa mwaka 2018, kupitia laini ya kilovoti 220 kutoka Makambako hadi Songea. Kabla ya hapo ilikuwa jenereta za dizeli. Umeme ukikatika katikati ya kazi, hakuna kinachoharibika. Kifaa kinasimama na ukirudi kinaendelea. Na pale ambapo nguzo hazijafika, sola inatosha.

Dawa ya vita vya 1915

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1915, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, mkemia Mwingereza Henry Dakin alikuwa akitafuta dawa ya kuosha vidonda vya askari bila kuunguza nyama. Aliipata kwenye hipokloriti ya karibu asilimia 0.5, na yeye na daktari Mfaransa Alexis Carrel wakaifanya ijulikane duniani.

Mwaka huo huo Dakin alipanda meli kubwa ya Aquitania, iliyokuwa imegeuzwa hospitali ya kubeba majeruhi wa Gallipoli. Humo alifunga mtambo wa kupitisha umeme kwenye maji ya bahari, na meli ikawa inajitengenezea dawa yake ikiwa safarini. Ni wazo lile lile la zahanati ya ziwani: uko mbali na kiwanda, malighafi iko karibu, itengeneze hapo hapo.

Vifaa vya sasa ni vidogo zaidi. Taasisi ya Antenna ya Geneva, Uswisi, ndiyo iliyobuni WATA, ambayo imetumika katika nchi kadhaa za Afrika. Toleo lake la kawaida hutoa kama lita moja ya dawa kwa saa, yenye gramu 6 za klorini. Mwaka 2015 kampuni ya MSR ya Seattle, Marekani, ikishirikiana na shirika la PATH, ilitoa SE200, kifaa cha ukubwa wa kushika mkononi kinachotumia betri ya gari na kutengeneza dawa ya kutosha maji lita 200 kwa dakika chache.

Mtego wa moja kwa sita

Sasa turudi kwenye jagi.

Jiki ya dukani Afrika Mashariki kwa kawaida ina klorini asilimia 3.5. Ili kupata asilimia 0.5 inayohitajika kufutia damu sakafuni au kwenye kitanda cha kujifungulia, kanuni ni kuchanganya sehemu moja ya jiki na sehemu sita za maji. Wauguzi wanaijua kama wanavyojua majina yao. Kwenye kuta za zahanati nyingi imebandikwa.

Dawa iliyotengenezwa pale pale kwa chumvi tayari iko asilimia 0.6. Haihitaji kuchanganywa kabisa kwa kazi hiyo. Inamiminwa kama ilivyo.

Muuguzi wa zamu ya usiku, aliyechoka, akiona dumu limeandikwa "klorini", mkono wenyewe utachukua jagi moja na kuongeza sita za maji. Atakachopata hakifiki hata asilimia 0.1. Ni karibu moja ya sita ya nguvu inayotakiwa.

Sakafu itanukia usafi. Mama anayefuata atalazwa kwenye kitanda kilichofutwa kwa kitu ambacho hakijaua kilichotakiwa kuuawa. Hakuna atakayejua, kwa sababu kosa hili halitoi moshi wala kelele.

Kosa la kinyume nalo lipo. Mtu aliyezoea kumimina dawa ya chumvi kama ilivyo, siku dawa imeisha akapewa jiki ya dukani, anaweza kuimimina vile vile. Hiyo ni kali mara saba ya inavyotakiwa. Itamchoma mikono, na kwa muda itakula vyuma vya kitanda.

Kwa kazi nyepesi, kama kunawia mikono wakati wa mlipuko pale ambapo sabuni haipo, inatakiwa asilimia 0.05. Kwa dawa ya chumvi hesabu yake ni jagi moja la dawa kwa majagi 11 ya maji. Hii nayo ni kanuni mpya ya kujifunza.

Ndiyo maana mahali ambapo teknolojia hii inaingia, jambo la kwanza linapaswa kuwa kubandua karatasi ya zamani ukutani. Si kuongeza ya pili pembeni yake. Kubandua. Na kama zahanati itaendelea kuwa na jiki ya akiba, madumu yawe ya rangi tofauti na yasikae rafu moja.

Jambo jingine ambalo husahaulika: klorini haifanyi kazi juu ya uchafu. Damu, matapishi na tope huimeza kabla haijafika kwa kijidudu. Kwanza futa, kisha takasa.

Kijiko kimoja kwa ndoo

Kwenye maji ya kunywa hesabu ni rahisi zaidi, na hapo ndipo chumvi inaonyesha maajabu yake.

Kijiko kimoja cha chai, yaani mililita 5, cha dawa ya gramu 6 kwa lita kinatosha ndoo ya lita 20 ya maji maangavu. Hiyo ni miligramu 1.5 za klorini kwa kila lita. Koroga, funika, subiri angalau nusu saa. Tangi la lita 5,000 linahitaji lita moja na robo ya dawa.

Pakiti ya nusu kilo ya chumvi inatoa lita 20 za dawa. Lita hizo 20 zinatakasa lita 80,000 za maji. Ni ndoo 4,000, kwa pakiti moja ya chumvi.

Hata hivyo maji ya ukanda huu si ya aina moja, na hapo kijiko kile kile kinaanza kuleta matokeo tofauti.

Tuanze milimani. Vijiji vingi vya Mbinga vinapata maji ya mserereko kutoka chemchemi na vijito. Kilimo cha ngoro cha Wamatengo, yale mashimo yanayoonekana kama sega la nyuki kwenye miteremko, hushika udongo usikimbilie mitoni. Ni msaada ambao mtu wa maji hatauona moja kwa moja, lakini upo: tope kidogo maana yake klorini kidogo inapotea. Masika yakikolea, kijito kikigeuka rangi ya chai ya maziwa, kijiko kimoja hakitoshi. Maji yatulizwe na kuchujwa kwanza, au dozi iongezwe mara mbili.

Msimu wa kahawa una shida yake. Maji yaliyomenyea kahawa kwenye mitambo ya CPU yamejaa sukari na ute wa matunda. Yakiachiwa kijitoni bila kukaa kwenye mashimo ya kutuliza, watu wa bondeni wanachota maji ambayo yanaila klorini yote ndani ya dakika chache. Na hiyo ni katikati ya mwaka, wakati wa baridi kali ya Mbinga. Maji ya baridi hupunguza kasi ya klorini kuua vijidudu. Nusu saa ya mwezi Januari si sawa na nusu saa ya mwezi Julai, kwa hiyo ni vyema kusubiri zaidi.

Ziwani mambo ni tofauti. Maji ni ya uvuguvugu na mara nyingi maangavu, lakini yana ugadi kidogo. pH ya Ziwa Nyasa hucheza kati ya 7.8 na 8.6.

Klorini ikiwa majini hukaa katika sura mbili, moja yenye nguvu ya kuua na nyingine dhaifu. Kwenye maji ya pH 7, takriban robo tatu yake iko katika sura yenye nguvu. Ikifika pH 8.5, ni kama sehemu moja ya kumi tu. Klorini haijapotea, ila inafanya kazi polepole. Ndoo iliyochotwa ziwani iachwe zaidi ya nusu saa. Saa nzima si kupoteza muda.

Baada ya kusubiri, maji yanapaswa kubaki na klorini kidogo, miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa lita. Hiyo ndiyo inayoyalinda yasichafuke tena kwa kikombe au mkono wa mtoto. Kama hakuna kilichobaki, dozi haikutosha.

Ziwa lenye nchi tatu

Sababu ya watu wa mwambao huu kuhangaika na haya yote ina jina: kipindupindu.

Ziwa Nyasa linagusa Tanzania, Malawi na Msumbiji. Boti, samaki na ndugu huvuka. Mwezi Machi 2022 Malawi ilianza kupata mlipuko ambao ulikuja kuwa mbaya kuliko wote katika historia yake. Hadi mwaka uliofuata zaidi ya watu 1,700 walikuwa wamefariki.

Kijidudu cha kipindupindu hufa kirahisi kikikutana na klorini. Tatizo ni wakati. Mgonjwa wa kipindupindu anaweza kufa ndani ya saa chache, na mlipuko unapoanza mahitaji ya klorini hupanda kwa siku moja: vyoo, vitanda, ndoo za matapishi, viatu vya wahudumu, maji ya kunywa ya kijiji kizima. Hapo kuweza kutengeneza lita chache leo, bila kusubiri gari, kuna maana yake.

Ziko sehemu wanakojua hilo kwa uzoefu. Mashariki mwa Kongo, kwenye fukwe za Ziwa Kivu, wahudumu wa kujitolea wamekuwa wakisimama mahali watu wanapochota maji wakiwa na dawa na bomba la sindano lisilo na sindano. Kila ndoo inayotoka ziwani inapigwa dozi yake hapo hapo, bure, kisha mama anaendelea na safari. Njia ndefu ya kurudi nyumbani inakuwa ndiyo muda wa kusubiri. Kwa vijiji vya Nyasa ambako watu bado huchota ziwani, mpango kama huo ungehitaji mtu mmoja asubuhi, mmoja jioni, na lita chache za dawa kwa siku.

Klorini pia huua viluwiluwi vya kichocho kwenye ndoo. Lakini isidanganye mtu: kichocho kinaingia kupitia ngozi. Anayekunywa maji yaliyotakaswa kisha akaoga ziwani penye konokono yuko hatarini vile vile. Na wapo vimelea vichache vya kuhara, kama kriptosporidia, ambavyo klorini haiviwezi. Hao wanahitaji kuchemsha au kuchuja.

Anayebaki na kifaa

Hatari za kifaa chenyewe si nyingi, ila ni za kweli. Vile vipovu ni haidrojeni, gesi inayolipuka, kwa hiyo kazi ifanyike penye dirisha wazi, mbali na jiko la mkaa na mbali na sigara.

Dawa isichanganywe kamwe na siki, limau au dawa ya kuoshea choo yenye asidi, kwa sababu gesi ya klorini itatoka na inaua. Mkojo nao una amonia. Ukikutana na klorini hutoa gesi inayokaba koo. Ukoga mweupe ukishika kwenye vibati, ndiyo, siki huuondoa, lakini baada ya dawa yote kumwagwa na kifaa kusuuzwa vizuri.

Na kuacha kifaa kikitoa vipovu usiku kucha hakuifanyi dawa iwe kali zaidi. Ikishafika kiwango chake, umeme wa ziada huanza kuigeuza kuwa klorati, kitu kisichotakiwa kwenye maji ya kunywa. Wakati ukifika, zima.

Dawa ikishatoka, iwekwe kwenye chombo cha plastiki kisichopitisha mwanga, kifuniko kimefungwa, kivulini. Viwanda huifanya ikae miezi kwa kuongeza magadi makali, lakini hiyo si kazi ya kujaribu stoo. Kwa zahanati kanuni nzuri ni kutengeneza leo, kutumia leo au kesho, na kilichobaki kisafishe sakafu.

Kisha kuna kupima, na ndiko miradi mingi ya aina hii inakwama. Dawa haiaminiki kwa harufu. Chumvi ikipungua, betri ikichoka au vibati vikizeeka, kinachotoka kinaweza kuwa nusu ya kinachodhaniwa. Kila pishi lipimwe kwa matone ya kupimia: unahesabu matone mpaka rangi ibadilike, na idadi inakuambia nguvu ya dawa. Kwa maji ya bombani kuna kile kipimo cha rangi ya waridi ambacho mafundi wa RUWASA na vyombo vya maji vya jamii wanakifahamu.

Matone hayo huisha, na yana tarehe ya mwisho. Duka linalouza chumvi haliyauzi. Vibati navyo, hata vya titaniamu, vina umri wake. Kwa hiyo kituo kinachofikiria kupokea kifaa hiki, kiwe kimenunuliwa na halmashauri au kimeletwa na mfadhili, kina maswali ya kuuliza kabla ya kupiga picha ya makabidhiano: matone ya mwaka wa pili yatanunuliwa kwa fungu lipi? Nani atatengeneza dawa Jumapili? Mhudumu aliyefundishwa akihamishiwa Tunduru, ni nani mwingine anayejua?

Kwenye dumu lenyewe kunatosha karatasi ndogo iliyoandikwa kwa kalamu isiyofutika: asilimia 0.6, tarehe na saa ya kutengenezwa, idadi ya matone, jina la aliyepima. Na chini yake, kwa herufi kubwa, kwa ajili ya yule wa zamu ya usiku: USIONGEZE MAJI KWA KUFUTIA DAMU.